Muyaka bin Haji na Upande wa Pili wa Shairi

Mara ya kwanza nilipokutana na Muyaka bin Haji alikuwa mistari minne ubaoni. Mwalimu aliiandika, tukahesabu mizani, tukapiga mistari chini ya vina vya kati na vya mwisho, tukataja ukwapi na utao, kila mtu akapata alama zake. Mwaka mzima ukapita bila yeyote kati yetu kuuliza mistari ile aliambiwa nani. Mimi pia sikuuliza.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani Lulimba, kwenye barabara itokayo Fizi kuelekea Misisi. Kulikuwa na shauri la mahari katika ukoo wetu, na baba mdogo aliniita nikae nao nisikilize, kwa sababu sijaoa na siku yangu itafika. Upande wa wakwe alikuwepo mzee mmoja ambaye hakutaja idadi ya mbuzi hata mara moja. Kila msemaji wetu alipotaja idadi, mzee alijibu kwa methali. Msemaji wetu akaokota neno la mwisho la ile methali, akalijengea methali nyingine iliyoigeuza ya kwanza kichwa chini miguu juu. Wakaendelea hivyo mpaka jua likashuka. Kama ungeingia katikati ukasikia maneno ya upande mmoja tu, ungedhani ni mzee mwenye hekima anayeuzungumzia upepo. Nikakumbuka ile mistari minne ubaoni, na niliporudi chuoni nikaanza kumsoma Muyaka upya, safari hii kwa kutafuta kwanza mtu aliyekuwa ameketi mbele yake.

Alizaliwa Mombasa, mji ambao wenyewe wanauita Mvita, kama mwaka 1776. Baba yake ni Mwinyi Haji, na nisba yake ni al-Ghassaniy. Wakati huo mji ulitawaliwa na Mazrui waliokaa ndani ya Ngome, ile boma ya mawe iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Mazrui walikuwa wamewekwa pale na watawala wa Oman. Lakini ukoo wa Busaidi ulipochukua madaraka huko Oman katikati ya karne ya 18, Mazrui walikataa kuutambua, wakatawala kwa niaba yao wenyewe. Muyaka alikulia katika kiburi hicho, cha mji mdogo wa kisiwani uliojihesabu huru mbele ya dola yenye merikebu. Alifanya biashara, na hilo linaonekana katika mashairi yake, yamejaa vyombo, kamba, pepo za misimu na watu waliochelewa kurudi kutoka safarini.

Kabla yake, tungo zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa zaidi tenzi za dini kutoka Pate na Lamu. Zilikuwa ndefu, zikianza kwa kumtaja Mungu na kumwita mwandishi alete karatasi na wino, kisha zikasimulia vita vya Mtume au zikaonya juu ya kifo. Wataalamu wengi husema kwamba Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ni kauli nzuri kwa mtihani, ila mimi sikubaliani nayo yote. Sokoni na uwanjani ushairi ulikuwepo tangu zamani, katika nyimbo za gungu, nyimbo za harusi, na zile tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo. Kilichotokea ni kwamba safari hii maneno ya barabarani yalikumbukwa pamoja na jina la aliyeyasema, yakaja kuandikwa. Alitumia shairi la mishororo minne, kila mshororo mizani 16 iliyokatwa katikati, nane kwa nane. Umbo hilo lina faida ambayo hatukuambiwa darasani. Ni fupi kiasi cha kubebwa kichwani na nahodha kutoka bandari moja hadi nyingine, na vina vyake ni vigumu kiasi kwamba mwenye kujibu akivifuata vilevile, kila mtu anajua kwamba amekubali shindano.

Alitunga juu ya mapenzi, juu ya mke na mume wasioaminiana, juu ya njaa na mali, juu ya rafiki anayekuwa rafiki mfuko ukijaa. Alitunga mafumbo na kuyaachia wengine wayafumbue. Mashairi hayo ndiyo yaliyoingia katika vitabu vya shule, na ndiyo yaliyotufanya tumdhanie mzee wa mawaidha. Sitakaa nayo. Maisha yake yaligeuka mahali pengine, kwenye ufuko wa Shela katika kisiwa cha Lamu, kama mwaka 1813.

Mombasa na Pate walikuwa wameungana, na Lamu ilikuwa imekataa kuwa chini yao. Vita vya maneno vilitangulia vile vya panga. Upande wa Mvita alikuwepo Muyaka. Upande wa Lamu alikuwepo Zahidi Mngumi, ambaye hakuwa mshairi tu bali mkubwa wa mji wake, mtu ambaye neno lake lilihamisha watu. Mashairi yalivuka bahari kutoka mmoja kwenda kwa mwingine, ya vitisho, ya majigambo, ya kejeli, na mara nyingine ya onyo lililovaa nguo ya fumbo. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizitoa tungo hizo pamoja katika kitabu kiitwacho Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Kwa mwanafunzi kama mimi kitabu hicho kilikuwa kama kurudishiwa nusu ya pili ya karatasi iliyochanwa. Ukimsoma Muyaka peke yake unasikia mtu mwenye uhakika. Ukimsoma na Zahidi Mngumi pembeni unasikia mtu anayejibiwa barabara, na pengine anayesukumwa kusema zaidi ya alivyokusudia.

Kisha majeshi ya Mvita na Pate yakashuka Shela. Simulizi za pwani zinasema kwamba waliposhindwa na kurudi mbio kwenye vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani. Wengi sana waliuawa palepale ufukoni. Watu wa Lamu, wakihofia kwamba Mazrui watarudi, walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, naye akatuma liwali na askari. Kwa hiyo vita ambavyo Muyaka alivitangulia kwa mashairi ndivyo vilivyomfungulia adui wa Mvita mlango wa pwani hii.

Hapa nimesimama muda mrefu. Muyaka hakubeba jeshi mgongoni, na vita hivyo vingepiganwa hata kama angekaa kimya. Hata hivyo alikuwa miongoni mwa waliowachochea watu, na watu wale hawakurudi. Sisi wa Fizi tumewaona watu wanaojua kusema mbele ya vijana, na tumeona vijana wakienda. Sijui kumsoma mshairi wa majigambo ya vita kana kwamba ni mchezo wa vina. Ninachomheshimu ni kwamba baada ya Shela hakujificha nyuma ya tungo za ibada. Aliendelea kuusemea mji wake miaka mingine zaidi ya 20, kila mwaka ukiwa mgumu kuliko uliopita.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Katika somo la fasihi linganishi tulisomeshwa habari za Ufilipino, na wengi wetu tulilalamika kwamba nchi hiyo ni mbali mno. Lakini huko aliishi mtu wa rika la Muyaka, Francisco Balagtas, aliyezaliwa mwaka 1788 na kufa mwaka 1862, naye aliishi kwa ushairi na kwa tamthilia za jukwaani zilizoitwa komedya, zenye wafalme, vita na mapenzi ya watu wa dini tofauti. Utungo wake mkuu, Florante at Laura, ulitoka mwaka 1838. Ni awit, yaani beti za mistari minne, kila mstari silabi 12, mistari yote minne ikimalizikia kina kimoja. Wana pia korido, ya silabi nane kwa mstari, wanayoitumia kwa hadithi ndefu. Sisi tuna utenzi, mizani nane, kwa kazi ileile. Kilichonishtua zaidi ni duplo, mchezo wa kwenye matanga. Watu hukusanyika usiku wa msiba, mmoja humshtaki mwenzake kwa ushairi, labda kwamba ndiye aliyemwiba ndege wa mfalme, na mshtakiwa lazima ajitetee papo hapo kwa ushairi. Kutoka katika mchezo huo wakaunda shindano la mabishano ya kishairi jukwaani, lililofanyika mara ya kwanza Manila tarehe 6 Aprili 1924, wakaliita balagtasan kwa heshima ya Balagtas. Wenzetu walilipa shindano la kujibizana jina la mshairi ambaye sifa yake kubwa ni hadithi ndefu. Sisi tuna mshairi ambaye kazi yake yenyewe ni kujibizana, na tunamfundisha kama msemaji wa pekee. Narudi Mvita.

Mwaka 1814 Abdallah bin Ahmad alishika utawala wa Mombasa. Inasimuliwa kwamba Seyyid Said alipodai haki yake kutoka kwake, Abdallah alimpelekea baruti kidogo, risasi, vazi la chuma la vita na kibaba cha kupimia nafaka. Hakuongeza maelezo. Nikifundisha siku moja, nitaanza somo la fumbo kwa kifurushi hicho kabla ya shairi lolote, kwa sababu kinaonyesha jinsi watu wa mji ule walivyokuwa wakizungumza. Muyaka hakuwa mtu wa ajabu anayesema kwa mafumbo katikati ya watu wa maneno makavu. Watawala wake nao walizungumza hivyo.

Baada ya hapo mji ulipungukiwa mwaka hadi mwaka. Mapema katika miaka ya 1820 Mazrui waliipoteza Pemba, iliyokuwa ghala lao la chakula. Mwaka 1824 waliomba na kupata ulinzi wa bendera ya Waingereza kupitia nahodha Owen, na mwaka 1826 bendera hiyo ikaondolewa. Seyyid Said alikuja na merikebu zake mwaka 1828, kisha akarudi tena na tena. Mara aliingia Ngome kwa mapatano na watu wake wakatolewa, mara alipiga mizinga akaondoka. Katika mivutano hiyo Muyaka alimkejeli mtawala mkubwa aliyeshindwa kukishika kisiwa kidogo, akawataka watu wa Mvita wakae imara. Halafu Mazrui wakaanza kugombana wao kwa wao, na baadhi ya wakubwa wa mji wakachoka nao. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas na hawakurudi. Waliopona walikimbilia Gazi upande wa kusini na Takaungu upande wa kaskazini.

Muyaka alibaki. Alikuwa na umri wa miaka kama 60, akaishi miaka mitatu katika mji uleule chini ya bendera aliyoitungia kejeli tangu ujanani. Alifariki mwaka 1840.

Msomaji wa Lulimba, Baraka au Uvira ana sababu ya kulitazama jambo hili mara mbili. Mshindi yule wa mwaka 1837 ndiye aliyehamishia makao yake Unguja, na ni kutoka Unguja misafara ya pembe na watumwa ilikopanda hadi Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikajenga vituo Kabambare na Kasongo, magharibi mwa kwetu. Kiswahili kilifika kwetu katika misafara hiyo, kwenye midomo ya wapagazi, wafanyabiashara na watu waliofungwa minyororo. Lugha ninayoiandika sasa ilifika kwa njia iliyofunguliwa na adui wa Muyaka. Sitajifanya basi kwamba ni babu yetu. Tumeingia katika lugha hii kwa mlango mwingine, mlango wa mshindi, na wa mateso.

Na lahaja yake nayo ilishindwa. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza na kuandika Kimvita, na wamisionari wengine baada yake wakaendelea nacho. Lakini katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, wa kuchagua Kiswahili cha kufundishia shuleni, kilichochaguliwa ni Kiunguja. Tangu hapo mtoto anayekutana na Muyaka darasani huona ndia na nti, akadhani mshairi amekosea njia na nchi. Darasani kwetu kuna wanafunzi waliowahi kuchekwa kwa Kiswahili cha Fizi. Nimeona wakicheka walipokuta ndia. Nami nilicheka.

Mashairi yenyewe yaliponea chupuchupu. Mzee huyu alipofariki hakuacha kitabu, aliacha watu wanaokumbuka. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, alimsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kukusanya tungo hizo, akazieleza maneno yake na sababu za kutungwa kwake. Sikujua alifariki mwaka 1890. Kama angekufa miaka kumi kabla, nadhani kitivo chetu kisingekuwa na Muyaka wa kuwekwa ubaoni. Katika mihadhara Taylor hutajwa kwanza na Sikujua hutajwa ikiwa muda umebaki, na hilo si haki, kwa kuwa aliyekuwa na ufunguo wa mafumbo ni Sikujua. Karatasi za Taylor ziko London. William Hichens alizitumia kuandaa Diwani ya Muyaka iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mwenyewe. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akachapisha Nairobi kitabu chake kinachomweka Muyaka katikati ya siasa za mji wake. Ukiwa na nafasi ya kusoma kimoja tu, soma hicho, kisha utafute mashairi ya Kuduhu.

Likizo iliyopita nilikwenda Lulimba na nakala ya baadhi ya kurasa za diwani. Jioni moja baba mdogo aliniuliza ninasoma nini siku zote hizo, nikamsomea shairi moja la mapenzi na ugomvi, polepole, nikimfafanulia maneno ya Kimvita. Alikuwepo pia yule mzee wa upande wa wakwe, ambaye sasa ni mkwe wetu kabisa, amekuja kumsalimu mjukuu. Nilifikiri watashangaa uzuri wa vina. Mzee alitikisa kichwa, akakubali kwamba mtu huyo anajua kusema, kisha akauliza yule mwingine alimjibu nini.

Nikafungua ukurasa uliofuata. Palikuwa na shairi la jambo jingine kabisa, la Muyaka tena. Mzee alisubiri kidogo, akamwomba baba mdogo arudie mstari wa mwisho wa lile la kwanza, akaanza kuhesabu kwa vidole.